Siku Niliyokataa Kumtoa Watasema

Siku nilipompakia mbwa kwenye mtumbwi wa abiria pale Mbuchi, watu walihama upande mzima. Hiyo siku ninaikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu. Wanawake waliokuwa wanapeleka kamba wakavu sokoni walikusanya nguo zao wakajibana mbele. Mzee mmoja aliyebeba kuku akaniuliza kama mbwa huyo ninampeleka kuposa. Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mimi nilikaa nyuma, mbwa yuko kati ya miguu yangu, kamba yake nimeizungusha mkononi, uso nimeukaza. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa msimu wa mpunga uliotangulia, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kunitetea. Lakini sikushuka.

Nilikuwa ninakwenda kumchanja. Bwana mifugo alikuwa ametangaza kwamba atafika ng'ambo ya mto na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mbwa wangu hataikosa.

"Watoto wa watu hawajachanjwa, wewe unachanja mbwa!" mwanamke mmoja alinirushia.

"Mpeleke mwanao akachanjwe," nikamjibu. "Na mimi nimpeleke wangu. Tukifanya hivyo wote wawili, mwanao hatakufa kwa kung'atwa na huyu."

Alinigeuzia mgongo, akaendelea kupanga kamba wake.

Nimekuja hapa Kibiti kukusalimu, nimemkuta mbwa wako amefungwa mnyororo mfupi juani, sufuria yake ya maji imekauka mpaka ina vumbi, na wewe umekaa kivulini unawaonyesha wenzako picha zake kwenye simu. Kisha unaniuliza, "Bibi, mbona mbwa wangu hana raha?" Nimemwekea maji, nimemhamishia kivulini. Sasa kaa hapo nikuambie, maana swali umeliuliza mwenyewe, na mimi si mtu wa kujibu kwa mkato.

Mbwa wangu aliitwa Watasema. Unajua tabia ya watu wetu wa huku mtoni, jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Nilimwita hivyo kwa sababu siku nilipomchukua akiwa mtoto, mwekundu wa vumbi, tumbo limejaa minyoo, kitongoji kizima kilikuwa na la kusema. Mke wa Athumani amefuga mbwa. Mke wa Athumani atasali vipi? Kwa hiyo kila nilipomwita kwa sauti, "Watasema! Watasema njoo!", walioko kisimani walinisikia vizuri.

Mume wangu Athumani, Mungu amrehemu, yeye hakuwa na neno. Alikuwa anajua kwa nini ninamtaka mbwa. Shamba letu la mpunga lilikuwa mbali na nyumba za watu, na msimu mpunga unapokomaa tulihamia kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ukae humo uamie mpunga usiliwe. Nguruwe pori wakiingia, shamba lote linageuka tope. Na Athumani mara nyingi alikuwa yuko kambini kwenye uvuvi wa kamba. Nilibaki mimi, mama yake, na mdogo wake Shabani. Mbwa mwenye afya alikuwa ukuta wetu.

Aliyekuwa na neno ni mama mkwe wangu, Bi Mwajuma. Alikuwa mcha Mungu, tena msafi hata kivuli cha mbwa hakutaka kimguse.

"Huyo ni najisi, mwali wangu," aliniambia siku ya kwanza. "Nyumba hii ina watu wanaosali."

"Mama, mate yake nitaosha. Nguo yangu ya sala nitaiweka juu kabisa asipofika. Ndani hataingia. Mbwa wa kulinda shamba dini haijamkataza, na wewe unalijua hilo kunishinda mimi. Lakini kumfuga kisha nimwache na kiu na njaa, hiyo dhambi itakuwa yangu."

Alinitazama. Mwali wa nyumba ile hakuwa anajibu hivyo. Akasema, "Sawa. Lakini chombo chake kisichanganyike na vyangu." Na mimi nikamtafutia Watasema kifuu kikubwa cha maji na sufuria yake mwenyewe iliyotoboka nikaiziba kwa bati. Havikuchanganyika hata siku moja.

Sasa utauliza, kwa nini niliishika chanjo kwa meno namna ile? Sikusoma sana. Ila nilikuwa nimeona.

Mimi nilizaliwa Mchukwi. Kwetu tulikuwa na mtoto wa baba mdogo, Hamadi, rika langu, tuliyekuwa tunakwenda naye kuokota korosho. Siku moja Hamadi alichezea mtoto wa mbwa asiyejulikana katoka wapi, akamkwaruza kwa jino mkononi. Damu yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Wakampaka majivu na pilipili, wakamfunga kitambaa, kikapona, tukasahau. Wiki zikapita. Kisha Hamadi akaanza kusema kidonda kilichopona kinamwasha. Kisha homa. Kisha ikawa hivi: nilimpelekea maji kwenye kikombe, mimi mwenyewe kwa mkono huu, na alipokiona kikombe koo lilimkaza, akatetemeka mwili mzima, akanitazama kama ninataka kumuua. Alikuwa na kiu, mwanangu. Alikuwa anayataka yale maji. Hakuweza. Wakubwa wakafikiri ana mashetani, na walipompeleka hospitali daktari alisema kilichobaki ni kumwombea, maana ugonjwa huo ukishaonekana dalili hauna dawa. Nimeona vifo vingi tangu hapo, nimemzika mume na nimezika mtoto. Kile cha Hamadi bado kinanijia nikishika kikombe.

Ndiyo maana nilipanda ule mtumbwi. Na bwana mifugo alipomdunga Watasema sindano, akamfunga kitambaa chekundu shingoni kuonyesha amechanjwa, akatufundisha na kuosha jeraha la kung'atwa kwa sabuni robo saa kisha kukimbilia sindano hospitali, nilirudi nyumbani nikiwa sijali nani amehama upande gani.

Mkasa wenyewe ulikuja msimu uleule, asubuhi, jua limeshapanda. Shabani alikuwa chini anachonga mpini wa jembe. Mimi niko juu ya dungu natwanga, mama mkwe anapepeta. Nikasikia Watasema anabweka, lakini si kubweka kwa nguruwe. Nikatazama. Kwenye tuta la shamba alikuwa anakuja mbwa mgeni, mkubwa, mkia umelala, mdomo uko wazi, mate yananing'inia kama uzi. Anakwenda upande upande, hatazami kitu.

"Shabani! Panda juu!" nikapiga kelele. "Panda!"

Shabani alisimama, akainua jembe amtishe. Mbwa mzima ukimtishia hukimbia. Yule hakukimbia. Alimrukia, akamshika mguu, hapa chini ya goti, na Shabani akaanguka. Watasema ndiye aliyemtoa. Aliingia kati, wakashikana, vumbi na makapi vikaruka, nami nikateremka na mchi mkononi sijui nitafanya nini nao. Shabani akainuka na lile jembe, akampiga yule mgeni kichwani, akarudia mpaka akatulia.

Shabani anatoka damu mguuni. Watasema ana jeraha begani.

Mama mkwe alikuwa ameshashuka, anamshika mwanawe. "Leteni majivu! Leteni pilipili! Mkateni manyoya huyo mbwa aliyekufa tuchome tumpake!"

"Hapana," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema hapana, mama. Majivu hapana, pilipili hapana. Na huyo mbwa mtu asimguse kwa mkono mtupu."

Nilimkalisha Shabani juu ya kinu kibovu kilichopinduliwa chini ya dungu, nikachukua mche wa sabuni na ndoo, nikaanza kuosha. Nikamwagia maji yanayotiririka, nikapaka sabuni, nikasugua ndani ya kidonda, nikamwagia tena. Robo saa nzima, mwanangu, na usiniambie ni ndefu. Shabani analia kwa maumivu, mama yake ananivuta kanga, mimi naosha. Nilipomaliza nikamwambia, "Shemeji, sasa hivi unapanda mtumbwi, ukifika barabarani unapanda gari, unakwenda hospitali. Waambie umeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Wakikuambia urudi kwa sindano nyingine, urudi. Usikose hata moja."

"Mwanangu hatoki," mama mkwe akasema. "Yupo fundi hapa ng'ambo, anatibu hayo. Amemtibu baba yangu mimi. Wewe umekuja juzi unataka kunifundisha kumlea mwanangu?"

Hapo ndipo nilipovunja adabu, na sijutii mpaka leo. Nilisimama mbele ya mama mkwe wangu, sabuni bado iko mkononi, nikamweleza habari ya Hamadi. Sikupunguza kitu. Nikamweleza kikombe, nikamweleza macho yake, nikamweleza jinsi mama yake alivyokuwa anamshika na hawezi kumnywesha. Kisha nikasema, "Ukimzuia Shabani leo, utakuja kumshikia kikombe wewe. Mimi nimeshashika kimoja, cha pili sishiki. Nitamvuta mwenyewe mpaka mtumbwini."

Alinipiga kofi. Ndiyo, alinipiga, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini Shabani aliinuka, akafunga mguu kwa kitambaa safi, akasema, "Mama, nakwenda." Maji yalikuwa yanajaa, mtumbwi ukapatikana, akaondoka. Bi Mwajuma alikaa chini ya dungu akilia mpaka jua likazama.

Siku iliyofuata wakaja wanaume na marungu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mbele. Mtu mzuri tu, mzito wa maneno, lakini siku ile hofu ilikuwa imemshika kama ilivyowashika wote. Yule mbwa mgeni alikuwa amemng'ata na mzee mmoja ng'ambo ya mto kabla hajafika kwetu, na mbuzi pia. Kikao kikakaliwa asubuhi, ikaamuliwa kila mbwa auawe, wa nani na wa nani hakuna cha kuulizana. Nilisikia kelele za mbwa wa jirani kabla hawajafika kwangu. Kelele zile ziliniambia kila kitu.

Watasema nilikuwa nimemfunga kwenye nguzo ya dungu, mbali na watu, jeraha nimelimwagia maji ya sabuni kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo nisiguse mate. Nikasimama kati yake na wao.

"Bibi Athumani," Mwenyekiti akaanza. "Shikilia kanga yako ukae pembeni. Tumekuja kwa amri ya kikao."

"Kikao hicho mimi sikuitwa."

"Wanawake hawakuitwa."

"Basi amri yenu itawahusu mbwa wa wanaume. Huyu ni wangu."

Mmoja akacheka, mwingine akatukana. Mwenyekiti akainua mkono wanyamaze. "Ameng'atwa na mwenye kichaa, binti. Tunaona jeraha hapa tulipo. Unataka atuue wote?"

"Tazama shingo yake, Mwenyekiti. Kitambaa hicho kimefungwa na bwana mifugo. Mbwa wote mliowaua leo, yuko aliyekuwa na kitambaa? Huyu amechanjwa, na mlinicheka mtumbwini, baadhi yenu mliosimama hapa mlikuwamo. Mtumeni mtu akamwite bwana mifugo. Akija akasema auawe, nitamshika mimi mwenyewe mpige. Akisema adungwe tena na afungwe atazamwe, atafungwa hapa, mbali na watu, nami nitamlisha kwa fimbo ndefu. Akianza kuumwa, nitakuja mlangoni kwako kukuita kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Lakini bila bwana mifugo, huyu hatoki."

"Na tukimtoa kwa nguvu?"

Nikauinua mwiko wa ugali, mwanangu. Silaha nyingine sikuwa nayo. Nilimwona yule aliyetukana anapiga hatua.

Nyuma yangu ngazi ya dungu ikalia. Bi Mwajuma alikuwa anashuka, polepole kwa sababu ya magoti yake, kanga ya kichwa ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Nilifikiri anakuja kuwaambia wamchukue. Akapita mbele yangu. Akasimama.

"Mimi huyu mbwa simpendi," akasema. "Tangu aje sijamgusa, na sitamgusa mpaka nife. Lakini jana mwanangu alikuwa chini, na nyinyi wote hamkuwapo. Huyu alikuwapo. Mwali wangu amesema aitwe bwana mifugo. Basi aitwe. Anayetaka kupiga kabla ya hapo, aanze na mimi, twende tukaelezane kwa Mungu."

Hakuna aliyeanza na yeye. Wengi wao alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Mwenyekiti alishusha rungu, akafuta uso, akasema, "Haya. Aitwe." Wakaondoka bila kuagana.

Mama mkwe akanigeukia. "Usifikiri nimesahau ulivyonijibu jana," akasema. "Nenda kaweke maji ya kunywa ya mbwa wako, kifuu kimekauka."

Bwana mifugo alikuja. Alimtazama Watasema, akaniuliza nilimfanyaje jeraha, akamdunga tena, akaagiza afungwe peke yake wiki nyingi na mtu yeyote asimkaribie isipokuwa mimi. Ilikuwa kazi. Kila asubuhi niliamka nikiwa ninaogopa kutazama chini: je, amekula? Je, anakunywa? Macho yakoje? Watu walipita mbali, wanasubiri nishindwe. Siku bwana mifugo aliporudi akasema mfungue, yule mbwa alizunguka dungu kama mwendawazimu wa furaha, na mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia hadharani, kila mtu akaona, na sikujali.

Shabani alidungwa sindano zake zote. Mpaka sasa yu hai, ana wajukuu, na akija kunisalimu ananionyesha kovu kama cheo. Yule mzee wa ng'ambo alipelekwa kwa fundi, akachanjwa chale, akafungwa hirizi. Alizikwa kabla mpunga haujavunwa. Ninalisema hili si kwa kumsimanga fundi. Dawa zake za tumbo mimi nimezinywa na zikanisaidia. Lakini kwa kung'atwa na mbwa, mwanangu, hapana. Nitasema hapana mpaka kaburini.

Na wale mbwa waliouawa? Msimu ule nguruwe waliingia mashamba ya jirani kama waliokaribishwa. Baada ya muda watu wakaleta mbwa wengine, kutoka huku na huku, hata wa kutoka Ngarambe, hawajachanjwa hata mmoja. Hofu ikaanza upya. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, bwana mifugo anakuja lini tena. Nikamwambia. Safari hiyo mtumbwi ulijaa mbwa mpaka wenye kuku wakakosa nafasi.

Sasa nikurudie wewe. Usinikatize.

Mbwa wako huyu, na yule paka unayempiga picha, hawakukuomba uwafuge. Umewachukua, basi wamekuwa mzigo wako, na huo mzigo hauubebi siku unazojisikia tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose, kila mwaka, na paka pia apate. Kampeni ikija nenda, isipokuja mtafute bwana mifugo wewe. Watakucheka? Wacheke. Mimi nimechekwa na mtumbwi mzima.

Maji safi, asubuhi na jioni, yamwagwe yawekwe mengine. Joto la huku unalijua. Mbwa hatoi jasho kama wewe, ukimwacha juani na mnyororo anapikwa akiwa hai. Chakula chake kisiwe ukoko tu na pumba. Mpe dagaa, mpe vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba mikubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano inamchoma utumbo. Dawa ya minyoo umpe kwa wakati, maana minyoo yake ikidondoka uwanjani anaiokota mtoto wako anayechezea mchanga. Ukimtunza yeye, umemtunza mwanao.

Kupe mkague kwa mkono, ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Wapo wanaowapaka mbwa mafuta ya taa, wapo wanaowamwagia dawa ya kunyunyizia mimea. Nimeona ngozi ikitoka kama gamba. Usithubutu. Na vidonge vyako vya maumivu ya kichwa viweke mbali na paka. Kidonge kinachokutuliza wewe kinamuua paka, na anakufa vibaya. Mnyama akiumwa, hospitali ya mifugo ipo, bwana mifugo yupo, simu unayo mkononi kutwa nzima. Ipige kwa jambo la maana mara moja moja.

Na sumu ya panya, achana nayo ikiwa una paka. Muulize yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale barabarani. Mtu mwingine angemwaga sumu kila kona. Yeye ana paka, bakuli la maji liko nyuma ya majora, chakula kina saa yake, na panya hawajamtafunia hata kipande. Paka huyo alipozaa, watoto aliwapa watu anaowaamini, kisha paka mwenyewe akamfungisha uzazi. Huko ndiko kufuga. Wewe hutaki watoto wa mbwa, usiwaache wazaliwe ukawatupe njia ya gulioni. Mhasi mbwa wako. Wenzako watakwambia unamwonea. Waambie waje wawachukue hao watoto kila msimu, uone kama watakuja.

Halafu jambo la mwisho, ambalo vijana mnaliona la kizee. Ongea naye. Mimi sasa ni mjane, watoto mko mbali, nyumba yangu Mbuchi ina kimya kirefu. Nina paka mmoja mwenye sikio lililochanika. Asubuhi ninapoamka na miguu haitaki kusimama, yeye ndiye anayenilazimisha, maana anataka chakula chake na hajui habari ya uzee. Ninainuka kwa ajili yake, nikishainuka ninajikuta nimefagia uwanja, nimechota maji, nimesalimiana na jirani. Mnyama ukimtunza vizuri anakutunza na wewe bila kukuambia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike: mnyama uliyemchukua mlinde kwa sindano, kwa maji, kwa kivuli na kwa chakula, na ukiumwa na mbwa yeyote, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kibali cha mtu. Akikuzuia mkubwa, mjibu kwa adabu ukiweza, na usipoweza mjibu hivyohivyo, utaomba radhi ukiwa hai.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyochoka kulisha, moyo usiotishwa na kicheko cha watu, na mlango ambao kila kiumbe kilicho nyuma yake kinalala kimeshiba. Akulinde wewe na ulivyopewa kuvilinda. Amina.